Medali ya mbwa inatoka kwenye biro ya mji, haitoki kwenye intaneti

Kule Goma, Bukavu, Uvira ao Beni, mbwa ana kazi moja inayojulikana na kila mtu: usiku analinda lupango, mchana analala kivulini. Hakuna anayeuliza karatasi zake. Mkongomani anayefika Marekani anakuta habari nyingine kabisa. Kule mbwa ana leseni yenye namba, ana medali shingoni, na kuna mbwa anayeingia mkahawani pamoja na bwana wake, analala chini ya meza, na mfanyakazi wa pale hana haki ya kumfukuza. Kesho yake mbwa mwingine, wa rangi ileile na ukubwa uleule, anafika kwenye mlango uleule na anarudishwa nje, na sheria inakubali arudishwe.

Tofauti kati ya hao wawili haionekani kwa macho, na ndiyo maana inaleta shida. Asiyeijua anaweza kupoteza kazi, anaweza kunyimwa nyumba, anaweza kutoa feza kwa wezi wa kwenye simu.

Jambo hili linagusa watu wengi wa mashariki mwa Kongo kuliko inavyodhaniwa. Katika mwaka wa bajeti wa 2019 peke yake, kati ya wakimbizi 30,000 waliopokelewa na Marekani, karibu 13,000 walikuwa Wakongomani. Wengi wao walipitia kambi za Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwao. Wako Buffalo, Syracuse na Rochester katika jimbo la New York, wako Dallas, Louisville na Phoenix. Wako wanaoendesha gari za abiria, wanaopokea wageni hotelini, wanaofanya kazi dukani na mkahawani. Hao wanakutana na mbwa kwa upande wa mlango. Na wako wale waliopoteza macho ao miguu, ao wanaoamka usiku wakipiga kelele kwa sababu ya mambo waliyoyaona Masisi, Fizi ao Ituri. Hao wanaweza siku moja kumhitaji mbwa huyo wao wenyewe.

Kwanza, leseni yenyewe. Marekani haina leseni moja ya mbwa kwa nchi nzima. Ni kazi ya mji, ya kaunti ao ya kijiji, kila mahali na bei yake. New York ni mfano mzuri, kwa sababu toka tarehe 1 Januari 2011 jimbo liliacha kutoa leseni hizo na kuwaachia viongozi wa miji. Sheria ya jimbo inasema mbwa akifikisha miezi minne shurti awe na leseni, na ili kuipata, mwenye mbwa anapeleka karatasi ya munganga wa wanyama inayoonyesha kwamba mbwa amechanjwa dhidi ya kichaa. Katika mji wa New York wenyewe, leseni ya mwaka ni dola 8.50 kwa mbwa aliyefungwa uzazi, na dola 34 kwa yule ambaye hakufungwa. Baada ya hapo anapewa medali, na mbwa anaivaa kila anapotoka nje.

Mtu anaweza kuiona kama kodi nyingine tu ya kunyonya wananchi, na Wakongomani wana haki ya kushuku kila karatasi yenye muhuri. Lakini hapa karatasi ina maana. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba visa 99 kati ya 100 vinatoka kwa kuumwa na mbwa. Marekani ilitangaza mwaka 2007 kwamba kichaa kinachoenezwa kati ya mbwa na mbwa kimekwisha nchini mwake, ijapokuwa popo na wanyama wa porini bado wanacho. Medali ile ndogo ni sehemu ya kazi iliyowafikisha hapo. Mzazi aliyemwona mtoto wa jirani akifa kwa kuogopa maji, kule kwetu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Basi, mbwa wa kipofu naye anaihitaji? Ndiyo. Hapa ndipo wengi wanakosea. Sheria kubwa ya kulinda walemavu, iliyotiwa sahihi mwaka 1990, inampa mlemavu haki ya kuingia na mbwa wake msaidizi karibu kila mahali panapoingia watu wote: dukani, hospitalini, shuleni, kwenye basi. Lakini haimwondolei mbwa huyo chanjo wala leseni ambayo mji unaidai kwa mbwa wote. Mbwa msaidizi asiye na medali amevunja sheria ya mji sawa na mbwa wa jirani.

Upande wa pili wa sheria hiyo haujulikani sana: mji hauruhusiwi kumlazimisha mlemavu kumwandikisha mbwa wake kama mbwa msaidizi. Unaweza kudai leseni ya kawaida, basi. Unaweza kuweka daftari la hiari, kwa mfano ili wazima moto wajue nyumba gani ina mtu na mbwa wake wakati wa hatari, ao ili mwenyewe apunguziwe bei ya leseni. Asiyetaka kujiandikisha haandikishwi, na haki yake haipungui. Tena, mji unaokataza aina fulani ya mbwa kwa sababu ni wakali hauwezi kumkatalia mlemavu mbwa wake msaidizi kwa kuangalia aina yake tu.

Kwa habari ya bei, sheria ya New York inaruhusu miji isiwalipishe wenye mbwa wa kazi. Orodha yao inafurahisha kuisoma: mbwa wa kuongoza kipofu, mbwa wa kumsaidia kiziwi, mbwa msaidizi, mbwa wa vita, mbwa wa kutafuta waliopotea, mbwa wa kunusa, mbwa wa polisi, na mbwa anayefundishwa kutembelea wagonjwa hospitalini na wazee kwenye nyumba zao. Anayekosekana ni mbwa wa faraja, yaani yule anayekaa na mtu mwenye huzuni nyingi ao woga mwingi ili roho yake itulie. Yeye analipiwa kama mbwa yeyote.

Wapo wanaoona hiyo ni dhuluma. Wanauliza: je, maumivu ya kichwani si ulemavu? Ni ulemavu, na sheria inakubali hivyo. Lakini sheria haikugawanya mbwa kwa kuangalia ugonjwa wa bwana wao. Iliwagawanya kwa kuangalia kazi waliyofundishwa. Wakaaji wa Rutshuru wanaweza kulielewa jambo hili kuliko Wamarekani wengi. Mbuga ya Virunga ina mbwa wake toka mwaka 2011, wanaofundishwa kufuata harufu ya wawindaji haramu na kutafuta watu waliopotea. Hakuna anayemchanganya mbwa yule na mbwa anayebwekea wapita njia kwenye geti. Wote wawili ni mbwa, wote wawili wanapendwa, lakini mmoja amefanya miezi na miezi ya mafunzo.

Vivyo hivyo, mama aliyeokoka vita anaweza kuwa na mbwa msaidizi wa kweli. Mbwa akifundishwa kumwamsha anapoota ndoto mbaya, ao kutambua kwamba woga unamshika na kufanya jambo maalum la kumsaidia, kama kumlalia miguuni mpaka apumue vizuri, huyo ni mbwa msaidizi, na anaingia dukani sawa na mbwa wa kipofu. Haijalishi kama alifundishwa na shirika kubwa ao na mwenyewe nyumbani, kwa sababu sheria inamruhusu mlemavu amfundishe mbwa wake mwenyewe. Mbwa ambaye uwepo wake tu ndio unaotuliza, bila kazi aliyofundishwa, ni mbwa wa faraja. Ana heshima yake, na upande wa nyumba ana haki zake. Ila mkahawani, sokoni na kwenye teksi hana.

Mgawanyo huo ni wa haki na haufai kubadilishwa. Dola nane ao kumi za leseni hazimwangushi mtu. Kinachowaangusha watu ni soko lililozaliwa katikati ya maneno haya mawili.

Kwenye intaneti kuna wauzaji wanaotoa vyeti vya mbwa, kadi zenye picha, koti jekundu lenye maandishi, na namba ya kile wanachokiita daftari la taifa. Bei yao inazidi mara nyingi bei ya leseni ya mji. Daftari la taifa la mbwa wasaidizi halipo Marekani. Serikali haijawahi kulianzisha, na wizara ya sheria ya nchi hiyo imeandika wazi kwamba vyeti hivyo havitoi haki yoyote na kwamba haivitambui kama uthibitisho. Mbwa msaidizi wa kweli hahitaji koti wala kadi. Mbwa wa faraja aliyenunuliwa koti anabaki mbwa wa faraja.

Mgeni ndiye windo rahisi wa wauzaji hao. Mtu aliyeishi miaka 15 kambini amefundishwa na maisha kwamba bila karatasi yeye si kitu: karatasi ya chakula, karatasi ya kutoka, karatasi ya usajili. Akiona ukurasa wenye tai la Marekani na neno la kuandikisha, analipa haraka na kushukuru Mungu. Halafu anafika dukani na kadi yake, meneja anamuuliza swali moja, na yeye hana jibu.

Maswali ambayo meneja anaruhusiwa kuuliza ni mawili, hayazidi: mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefundishwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kuuliza ugonjwa ni gani, wala kudai karatasi, wala kuomba mbwa aonyeshe kazi yake pale pale. Mwenye mbwa msaidizi anajibu kwa sentensi mbili na kuingia. Mbwa akianza kurukia watu na bwana wake asimtulize, ao akikojoa ndani, wanaweza kumtoa. Mtu mwenyewe bado anahudumiwa.

Na hapa habari inawageukia wale walio upande wa mlango, hasa madereva. Wakongomani wengi waliokulia vijijini wanaogopa mbwa, na wana sababu. Wengine hawamtaki ndani ya gari kwa ajili ya dini yao, wengine kwa ajili ya usafi, wengine mbwa anawafanya wapige chafya. Sheria ya Marekani haikubali hata moja ya sababu hizo. Dereva hawezi kumwacha kipofu barabarani kwa sababu ya mbwa wake, na hawezi kumwongezea bei. Akiwa na Uber, jambo ni zito zaidi. Baada ya kesi iliyofunguliwa na shirika la vipofu, kampuni hiyo ilikubali mwaka 2016 kwamba dereva anayekataa kwa kujua mteja mwenye mbwa msaidizi anafungiwa akaunti. Mwaka 2021 mwamuzi aliiamuru Uber imlipe dola milioni 1.1 mwanamke mmoja kipofu wa eneo la San Francisco aliyekataliwa ao kusumbuliwa mara 14. Mwezi wa tisa 2025 serikali ya Marekani yenyewe iliipeleka Uber mahakamani kwa kosa la kuwabagua walemavu.

Kampuni inayosukumwa namna hiyo haitasikiliza maelezo marefu ya dereva. Itafunga akaunti. Na akaunti hiyo ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo feza ya shule inayotumwa Bukavu, ndiyo dawa ya bibi kule Kalemie. Dereva anayejua sheria anafungua mlango, anaweka kitambaa kwenye kiti kama anaogopa manyoya, anakaa kimya dakika 12 na kumaliza safari. Asipojua, anagundua siku akaunti imekwisha kufungwa. Wapo wanaolalamika kwamba wateja wengine wanadanganya, na ni kweli, udanganyifu upo. Texas iliongeza adhabu mwaka 2023: anayejifanya kuwa na mbwa msaidizi anaweza kutozwa mpaka dola 1,000 na kufanya saa 30 za kazi ya bure kwa jamii. Lakini kazi ya kumkamata mdanganyifu si ya dereva. Yeye ana maswali mawili tu, na jibu likipatikana, safari inaanza.

Upande wa nyumba, sura inabadilika, na hapa mbwa wa faraja anapata nafasi yake. Sheria ya makazi ya 1968, iliyoongezewa ulinzi wa walemavu mwaka 1988, inamtaka mwenye nyumba akubali mabadiliko ya busara kwa ajili ya mpangaji mlemavu. Mahali ambapo wanyama wamekatazwa, mtu mwenye ugonjwa wa kweli wa roho anaweza kuomba akae na mbwa wake wa faraja, bila kulipa ile garanti ya wanyama inayodaiwa wapangaji wengine. Kama ulemavu hauonekani, mwenye nyumba anaweza kuomba barua kutoka kwa munganga ao mshauri anayemtibu mpangaji. Barua hiyo ndiyo inayofaa, na inatoka kwa mtu anayemjua mgonjwa. Pia si kila nyumba inahusika: katika nyumba ndogo ya familia zisizozidi nne, ambamo mwenyewe naye anaishi, sheria ya taifa inaweza isimguse, ingawa ya jimbo inaweza kwenda mbali zaidi. Anayeomba shurti aulize kabla ya kumleta mbwa, si baada.

Hata hapo leseni ya mji haiondoki. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuona kwamba mbwa amechanjwa na ana leseni kama sheria ya mji inavyodai, na mpangaji aliyepeleka barua nzuri ya munganga lakini hana medali amejiharibia kesi yake mwenyewe.

California imejaribu kuziba tundu la wauzaji. Toka tarehe 1 Januari 2022, anayeuza mbwa wa faraja, cheti ao koti lake anapaswa kumwandikia mnunuzi kwamba mbwa huyo hana haki za mbwa msaidizi, na asiyefanya hivyo anaweza kutozwa dola 500 mara ya kwanza, 1,000 mara ya pili, 2,500 mara ya tatu. Munganga naye haruhusiwi kuandika barua ya mbwa wa faraja kwa mtu aliyemwona juzi. Shurti wawe wamejuana kikazi angalau siku 30. Majimbo mengine yanafaa kufuata njia hiyo, kwa sababu inamkamata anayeuza uongo na kumwacha mgonjwa na barua yake. Ndege nazo zilichoka mapema: toka Januari 2021 kampuni za ndege hazilazimishwi tena kumpokea mbwa wa faraja kama mbwa msaidizi. Na anayefikiri atamleta mbwa wake kutoka Kongo ajue kwamba Kongo iko kwenye orodha ya Marekani ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na kwamba masharti magumu ya kumwingiza, yaliyoanza tarehe 1 Agosti 2024, yanamhusu pia mbwa msaidizi.

Sheria zipo, basi. Kinachokosekana ni mtu wa kuzieleza kwa lugha inayosikika. Karani wa mji anayetoa leseni ndiye mtumishi wa serikali ambaye kila mwenye mbwa anapaswa kufika mbele yake walau mara moja. Akiwa na ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye mambo matatu tu, kwamba leseni hii ni ya mbwa wote, kwamba hakuna cheti kingine cha kununua, na kwamba barua ya nyumba inatoka kwa munganga anayekutibu, soko la wauzaji litapungua nusu katika mtaa huo. Miji kama Buffalo na Syracuse, inayojivunia kwamba wageni wameyafufua mitaa yake, haishindwi na karatasi moja. Mashirika yanayowapokea wakimbizi yanaonyesha namna ya kupanda basi na namna ya kutumia jiko; yanaweza kuongeza dakika kumi za mbwa, hasa kwa wale wanaojiandaa kuendesha gari.

Wachungaji nao wana sehemu yao. Kanisani ndiko Wakongomani wengi wa Marekani wanapata habari ya kwanza, na huko pia ndiko inasikika kwamba mtu mzima anayetembea na mbwa kwa ajili ya woga wake amepungukiwa na imani. Maneno hayo yanawafanya wagonjwa wajifiche, waache kumwona mshauri, halafu wanunue cheti usiku kwa siri, kwa sababu intaneti haiwacheki. Mama aliyebeba miili ya watoto wake barabarani hapaswi kuona haya mbele ya mchungaji wake kwa sababu ya mbwa.

Kwa wale walio tayari na mbwa katika jimbo la New York, njia ni fupi. Kaunti zinafanya siku za chanjo ya bure dhidi ya kichaa mara kadhaa kwa mwaka. Wakaaji wanapanga mstari na mbwa wao kwenye kamba, na wanatoka na karatasi mkononi. Karatasi hiyo inapelekwa kwa karani wa mji. Mwenye mbwa wa kipofu, wa kiziwi ao msaidizi mwingine amuulize karani kama mji wake unaondoa bei, kwani sheria inauruhusu lakini haiulazimishi. Mwenye mbwa wa faraja analipa kama wengine, anachukua medali, na barua yake ya munganga anaiweka pamoja na mkataba wa nyumba.